Alama za Mkanda kwenye Mteremko

Machi 2
Baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, upepo wa kaskazini. Daftari hili lilikuwa la marehemu mke wangu, Biigá, aliyeandika hali ya hewa kila siku kwa miaka ishirini na sita. Naandika kwa sababu kurasa zimebaki na mimi sipendi kitu kiachwe nusu. Kulungu wetu wa kufugwa wako upande wa mabwawa, wanafukua theluji na kupata malisho. Nyonga inauma.

Machi 5
Sire amerudi kutoka mjini akiburuta pikipiki mpya ya theluji. Ni binti yangu wa pekee. Alikuwa muuguzi kule pwani kwa miaka saba, na vuli iliyopita akaacha kazi, akasema anataka kuchunga. Gari lake ameliuza ili anunue chombo hiki.

"Nguvu za farasi mia moja sitini na tano, Baba," akaniambia kabla hata hajavua kofia.

"Na majike wetu wenye mimba wanahitaji farasi wangapi?"

"Hata hujaipanda unaanza kulalamika."

"Ndege pia sijapanda, na sijapungukiwa kitu."

Mdogo wangu Heaika, ambaye tunachunga pamoja tangu baba yetu afariki, aliizunguka mara mbili akiipigapiga kwa glavu. "Mwanangu, hii ni ya kazi au ya harusi?"

"Ya vyote viwili, Baba mdogo. Ukipata mchumba nitakupeleka mwenyewe."

Heaika ana miaka hamsini na nane na hajaoa. Alicheka, lakini si sana.

Machi 6
Jioni Sire alinieleza, nami nilijifanya nachonga mpini wa kisu. Kuna pikipiki za njia zilizoshindiliwa, zenye mkanda mfupi chini yake, hizo hukimbia kwenye njia na kuzama nje ya njia. Kuna za milimani, zenye mkanda mrefu na meno marefu, hizo huelea kwenye theluji laini lakini kwenye njia ngumu hutangatanga. Yake ni ya katikati. Inatembea njiani, inatembea porini.

"Na kuvuta mizigo?" nikamuuliza.

"Inavuta kiasi. Si kama ng'ombe lako."

Ng'ombe ni pikipiki yangu, pana, nzito, ina miaka kumi na nne. Haijawahi kunitukana.

Machi 9
Sire ameondoka na pikipiki saa sita mchana. Amerudi saa kumi.

Machi 10
Saa sita. Saa kumi. Theluji kidogo.

Machi 13
Vilevile. Heaika anauliza kama pale mabwawani kuna mashindano.

Machi 17
Ameondoka saa sita, amerudi saa kumi, mashavu mekundu, anaimba. Petroli ni yake, nimenyamaza.

Machi 24
Leo nimejua. Nilikwenda kilimani kuangalia kulungu kwa darubini, nikasikia ile sauti kali ya injini yake ikitoka mbali. Nilitegemea kuona kundi likitawanyika. Halikutawanyika. Lilinyanyua vichwa, likaanza kumfuata. Alikuwa na magunia ya chakula kwenye sleji ya kuburuta, akawamwagia kidogo kidogo huku anaendesha mwendo wa mtu anayetembea. Kumbe wiki zote hizi alikuwa anawazoesha sauti ile.

Kisha akapanda mteremko wa mashariki kurudi nyumbani, na hapo nilisahau baridi. Hakukaa. Alisimama, uzito wote ameutupa upande wa mlima, akailaza pikipiki upande huo mpaka skii ya upande wa bonde, ubao wake wa mbele wa kutelezea, ikawa hewani. Akakata mteremko mzima hivyo, akiacha mstari mmoja mwembamba na alama ya mkanda nyuma yake. Mimi kule huwa nazunguka bonde zima, nusu saa.

Nimemwonea wivu binti yangu. Naliandika kwa sababu ni kweli.

Machi 29
Tumekubaliana mbele ya chakula, nyama ya kukausha na mchuzi wa uboho. Safari ya kwenda pwani, kwenye malisho ya kuzalia, tutaanza mwisho wa wiki ya tatu ya Aprili kabla barafu ya mto haijaoza. Kamba ya Gabba ataishika Sire.

Gabba ni kulungu wetu maksai, mweupe, mwenye kengele. Anayemvuta Gabba ndiye anayetangulia, na kundi humfuata yeye. Kamba hiyo imekuwa mkononi mwangu majira kumi na tisa. Nyonga yangu haiwezi tena. Heaika alikubali, ila alimwambia Sire, "Ukiharakisha, wataharibu mimba. Mwendo ni wa jike, si wako wala si wa mashine."

"Najua, Baba mdogo."

"Kila mtu anajua. Tatizo ni mkono."

Aprili 4
Jua. Mchana theluji inalainika, asubuhi inaganda juu mpaka inabeba mtu.

Aprili 8
Vilevile. Matumbo ya majike yameshuka.

Aprili 11
Nitaandika lote leo, maana kesho nitatafuta maneno ya kujipunguzia.

Heaika alikuwa kwenye uzio wa kusini. Sire alilinda kundi usiku kucha akarudi alfajiri, akalala na viatu. Nilipotoka nikaona kwa darubini kwamba majike kadhaa wanapanda kuelekea ukingo wa mlima, upande wa malisho ya jirani. Ng'ombe alikataa kuwaka. Nilihangaika naye mpaka vidole vikafa ganzi. Ufunguo wa pikipiki ya Sire ulikuwa umetundikwa kwenye msumari.

Ningeweza kumwamsha. Nilijiambia namhurumia. Uongo, nilitaka kuipanda.

Kwenye njia niliibonya kidogo tu na ikaondoka kana kwamba ilikuwa inanisubiri. Mabonde madogo yale ambayo Ng'ombe hunivunja nayo mgongo, sikuyasikia. Kona niliigeuza kwa kidole, skii zikang'ata, mkia ukafuata bila ubishi. Nilicheka peke yangu mle ndani ya kofia. Mtu wa miaka sitini na nne.

Niliwakuta majike njiani, kwenye sehemu ngumu ya barafu, nikapunguza mwendo ili niwarudishe polepole. Hapo taa nyekundu ya onyo la joto ikawaka. Ng'ombe anapozwa kwa feni, hana habari ya taa. Hii, rejeta yake imelazwa juu ya mkanda na inapozwa na theluji inayorushwa kutoka chini. Kwenye barafu ngumu, mwendo wa pole, hakuna kinachorushwa. Sire alinieleza hayo siku ile nilipokuwa nachonga mpini, na sikusikiliza.

Jambo la kufanya lilikuwa kuizima na kungoja. Lakini majike walikuwa wanasogea mbele, nami niliona aibu kusimama kama mgeni katikati ya njia. Nikaitoa njiani, nikapanda theluji laini ya mteremko juu yao ili ipoe. Nilikaa kitako kama ninavyokaa siku zote. Pikipiki ikaanza kuteleza kwa ubavu, chini, kuelekea kwa majike. Skii ya upande wa bonde ikazama. Nikaogopa, nikabonya mafuta yote.

Farasi wote mia moja sitini na tano wakapiga kelele kwa pamoja. Majike wakakimbia juu, kwenye theluji ambayo ganda lake lilikuwa linapasuka chini yao kila hatua, wanazama hadi kifuani, wanaruka, wanazama. Na mimi, badala ya kuacha, niliwafuata ili niwawahi wasivuke ukingo. Niliwawahi. Walisimama ndimi nje. Nikawarudisha.

Mwezi wa nne jike mwenye mimba hakimbizwi. Mtoto wa miaka mitano hapa kwetu anajua hilo. Baba yangu alimfukuza mtu kwenye kambi kwa kosa dogo kuliko hili.

Nilijaza petroli, nikafunika pikipiki kwa turubai, nikatundika ufunguo. Sire aliamka saa saba.

"Umepumzika, Baba?"

"Nimepumzika," nikasema.

Aprili 12
Mawingu. Kulungu wametulia.

Aprili 13
Wametulia. Huenda haikuwa kitu.

Aprili 15
Ilikuwa kitu.

Tulipita ukingoni mimi na Heaika. Kunguru ndio waliotuonyesha. Ndama wasiotimia, wamelala kwenye theluji, manyoya yao yamelowa na kuganda. Kwetu mtu hahesabu kwa sauti, na hapa pia sitaandika. Heaika alivua kofia. Kisha akapiga magoti, akaanza kusoma theluji. Mchana ule alama zilikuwa zimelainika, usiku zikaganda, zikabaki hapo ngumu kama zimechongwa.

"Meno haya," akasema, "ni ya mkanda wa nani?"

Nilipangusa darubini.

"Kaka, nakuuliza. Kambi nzima kuna mashine moja tu yenye meno haya."

Heaika alimkuta Sire anapasua kuni mbele ya hema, hakumsalimu.

"Ulifuata nini ukingoni?"

"Ukingo upi?"

"Usinichezee! Umekimbiza majike juu ya mlima kama unakimbiza sungura. Nenda kaone ulichowafanyia. Nenda! Muuguzi mzima!"

Sire aliniangalia, kisha akamwangalia yeye. Aliweka shoka chini, akavaa skii za miguuni, akapanda kule peke yake. Alikaa muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa hauna rangi.

"Meno ni ya pikipiki yangu," akasema.

"Na huna la kusema?"

"Ni ya pikipiki yangu, Baba mdogo."

Nilikuwa nimeshika birika. Niliwamiminia kahawa, wote wawili, na mimi mwenyewe.

Aprili 16
Theluji nyepesi. Sijasema.

Aprili 17
Sijasema.

Aprili 18
Heaika na Sire hawazungumzi. Anapotaka chumvi, Heaika ananiomba mimi, na kopo liko mbele ya Sire. Nilianza kusema, nikakohoa. Sijasema.

Aprili 19
Heaika alinifuata nilipokuwa natengeneza Ng'ombe. Sasa anawaka. Ilikuwa waya tu.

"Kamba ya Gabba asiishike," akasema. "Nitaishika mimi. Yeye akae nyuma na mizigo, na tukifika arudi mjini kwake akatibu watu. Watu wakiumia wanasema. Majike hawasemi."

"Ni mtoto wangu, Heaika."

"Ndiyo maana nasema kwa upole."

Nilitazama waya mkononi. Nikasema tutaona. Tutaona! Hilo ndilo neno nililompa mdogo wangu.

Jioni nilimkuta Sire amelala chali chini ya pikipiki, anafunga kucha mbili za chuma nyuma ya skii.

"Za nini?"

"Nilizitafuta tangu mwezi uliopita. Zinakwaruza barafu, vumbi lake linapoza rejeta. Kwa hizi naweza kwenda mwendo wa jike hata kwenye njia ngumu, taa isiwake."

Alisema neno hilo, taa, akaendelea kukaza skrubu. Nikamuuliza kwa nini anahangaika kama kamba hapewi.

"Kazi ikianza humalizwa," akasema. "Nimejifunza kwako hilo."

Aprili 20
Amepiga simu akiwa nje, amenipa mgongo. Nilisikia neno wodi. Begi lake la bluu liko kando ya kitanda, limefungwa zipu.

Sijasema. Nimeliandika neno hili mara nyingi mpaka naona aibu kwa Biigá, ambaye daftari ni lake.

Aprili 21
Redio inasema joto linakuja. Tunaondoka kesho alfajiri. Nisiposema kesho, mbele ya kundi, sitasema tena maishani.

Aprili 22
Ganda la theluji lilikuwa gumu, anga jeupe. Heaika alimtoa Gabba, kengele ikalia, na kundi zima likageuka kutazama. Alifunga kamba nyuma ya pikipiki yake. Sire alikuwa kule mwisho, anakaza mizigo kwenye sleji. Hakuwa amelia. Ningependa awe amelia, ingekuwa rahisi kwangu.

"Heaika," nikaita. "Fungua kamba."

"Tulishazungumza, Kaka."

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyepanda ukingoni. Tarehe kumi na moja, Sire amelala. Nilichukua ufunguo. Taa iliwaka, nikaitoa njiani, ikaniteleza, nikabonya. Nikawakimbiza. Ni mimi niliyewaua wale."

Hakuna aliyesogea. Gabba alitikisa kichwa, kengele ikalia kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata kupigwa.

"Kaka," Heaika akasema taratibu, "nilimtukana mtoto mbele yako. Wewe ulikuwa unamimina kahawa."

"Ndiyo."

"Ulimimina na yangu."

"Ndiyo."

Alifungua kamba kwa meno, maana fundo lilikuwa limeganda. Akapita mbele yangu bila kuniangalia, akatembea mpaka kwa Sire. "Mwanangu, nisamehe," akasema. Akampa kamba mkononi.

Sire aliipokea. Alimkumbatia baba yake mdogo kwa mkono mmoja. Kisha akavuta pikipiki yake mbele, akanipita, na nilikaa nyuma na mizigo siku nzima. Kilomita ishirini na tatu, mwendo wa jike.

Aprili 23
Kilomita kumi na nane. Njia ngumu kama sakafu. Kucha za chuma zinafanya kazi, taa haijawaka.

Aprili 25
Mto. Barafu ipo, lakini maji yamepanda juu yake na theluji imeyafunika, uji mtupu chini ya shuka nyeupe. Ukisimama humo umekwisha, chombo kinazama na kuganda. Ukikimbia, kundi halikufuati.

Sire alitembea kwa miguu kwanza, akitoboa kwa fimbo, akapata mstari wenye barafu ngumu. Kisha akawasha. Akasimama, magoti yamekunjwa, uzito nyuma ili pua ya pikipiki inyanyuke, akaingia mwendo usiobadilika hata kidogo, Gabba nyuma yake kamba imelegea. Majike wa mbele walikataa. Walinusa maji, wakarudi nyuma, na wale wa nyuma wakaanza kusukumana.

Sire hakugeuka. Aliinua sauti ya injini kidogo tu, kama alivyokuwa akifanya kule mabwawani anapokuja na magunia. Jike mmoja mzee akanyanyua masikio, akaingia majini. Wakamfuata wote, mstari mmoja, hadi ng'ambo.

Ng'ombe alizama nusu ya mto, pamoja na mimi na mizigo. Sire alirudi kwa duara pana bila kusimama, akanirushia kamba akipita. Ilinichukua mara mbili kuidaka. Alipokaza, chombo chake chepesi kilichimba, kikapiga kelele, na Ng'ombe akatoka. Heaika alikuwa ng'ambo anapiga makofi kama mwehu.

"Asante," nikamwambia Sire.

"Lowesha miguu yako tena uone nitakavyokusema," akajibu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu tarehe ishirini na mbili.

Mei 1
Tumefika. Bahari, upepo wenye chumvi, mabaka ya ardhi nyeusi. Hakuna aliyeharibu mimba njiani. Hilo naliandika kwa herufi kubwa moyoni.

Mei 5
Mvua na theluji pamoja.

Mei 8
Ndama wa kwanza amezaliwa nyuma ya jiwe kubwa, wa kahawia, akasimama kabla mama yake hajamaliza kumlamba. Tulimtazama mimi na Sire kutoka mbali, tumelala kifudifudi, tukipeana darubini. Heaika alikuwa anapika damu na unga kule hemani, harufu inatufikia.

Nilimuuliza jambo lililokuwa linanikaba. "Siku ile Heaika alipokutukana, ulijua hukuwa wewe. Kwa nini hukujitetea?"

"Nilijua zaidi ya hapo, Baba. Nilijua ni wewe."

"Uliniona?"

"Niliona mteremko. Nikipita mimi, skii ya upande wa bonde inakuwa hewani, inabaki alama moja. Pale zilikuwa mbili, na ile ya chini imezama. Aliyepita pale alikuwa amekaa." Alinirudishia darubini. "Baba mdogo alikuwa kwenye uzio. Nani mwingine alibaki?"

Ndama alianguka, akasimama tena.

"Ungemwambia Heaika."

"Ningekuvua nguo mbele ya mdogo wako. Nilitaka uvue mwenyewe. Nilikuwa nangoja kuona utachukua siku ngapi."

"Na kama ningenyamaza?"

Alimtazama yule jike na ndama wake.

"Kule hospitali walinishikia nafasi mpaka Aprili ishirini na tatu," akasema.

Kisha akainuka, akakung'uta theluji magotini, akanipa mkono ili niinuke na mimi.

Nimefungua kurasa za nyuma nikatazama tarehe niliyosema ukweli, Aprili ishirini na mbili. Nimeitazama muda mrefu. Nyuzi mbili juu ya sifuri, upepo kutoka baharini, kulungu wametulia.